Gari la mzee na freni zake: kutoka chukudu hadi pampu ya mafuta

Goma, Kivu ya Kaskazini. – Katika viwanja vingi vya mji wetu, kuanzia Himbi mpaka Ndosho, utakuta gari moja la zamani limesimama. Pengine liliachwa hapo siku familia ilipokimbia. Pengine ndilo lililoileta familia kutoka Rutshuru ama Masisi, likiwa limebeba magodoro, masufuria na watoto, kisha pesa ya mafuta ikaisha na gari likawa banda la kuku. Ni Land Rover ya babu, Peugeot 504, Volkswagen ile ya mgongo wa mviringo tunayoiita Coccinelle, ama Toyota iliyozaliwa kabla ya shoferi wake.

Siku familia inapoamua kuliamsha, macho yote yanakwenda kwenye injini. Betri inaazimwa kwa jirani, injini inakohoa, moshi unatoka, watoto wanapiga makofi. Freni hakuna anayezikumbuka mpaka gari lianze kuteremka. Na mji wetu, ndugu msikilizaji, uko chini ya miteremko. Ukitoka Kibumba unashuka. Ukitoka Masisi kuja Sake unashuka. Na chini ya mteremko kuna soko, kuna shule, kuna mama aliyepanga nyanya zake pembeni ya barabara.

Kwa hiyo leo tunasimulia historia ya freni, au breki kama wanavyosema ndugu zetu wa Kenya na Tanzania. Hatusimulii kwa ajili ya matajiri wanaokusanya magari ya kale. Tunasimulia kwa sababu mambo mengi tunayofanya kwenye freni za magari haya tuliyarithi kutoka nyakati ngumu, na katika urithi huo kuna yanayookoa na kuna yanayoua.

Freni unayoiona kwa macho

Tuanze na chukudu, kwa sababu kila mkaaji wa Goma anaielewa. Wengi wanaweka kuzaliwa kwake katika miaka ya 1970. Ni mbao za mti mgumu, mkaratusi mara nyingi, na magurudumu ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu. Leo ina hata sanamu yake katikati ya mji, kwenye mzunguko wenye jina lake. Inabeba mamia ya kilo za makala, viazi na kabichi kutoka vilimani. Na freni yake ni nini? Ni kipande cha mpira juu ya gurudumu la nyuma. Kijana anakikanyaga kwa mguu, mpira unasugua gurudumu, mwendo unapungua na joto linapanda. Hakuna siri nyingine. Mwendo wa kitu kizito haupotei hivihivi, unageuka joto, na freni ni mahali pa kulipokea joto hilo.

Magari ya kwanza ya Ulaya yalisimama kwa namna hiyohiyo: kipande cha mbao ama ngozi kilichobanwa juu ya gurudumu, kama kwenye mkokoteni wa farasi. Mwaka 1902 Mfaransa Louis Renault alipata hati ya freni ya namna nyingine. Badala ya kusugua gurudumu kwa nje, aliweka chombo cha mviringo kinachozunguka pamoja na gurudumu, na ndani yake viatu viwili vinavyotanuka na kukibana. Wafaransa wanakiita tamburu, yaani ngoma. (Wapo wanaosema jina la mji wetu linatoka kwenye neno hilohilo ngoma, kwa ajili ya mlio wa volkano. Basi mafundi wa freni wako nyumbani.) Mwaka uleule Mwingereza Frederick Lanchester alipata hati ya freni ya diski, lakini wazo lake lilingoja miaka 50 hivi. Lilipata heshima magari ya Jaguar yaliposhinda mashindano ya Le Mans mwaka 1953 yakiwa na diski, na mwaka 1955 Citroën DS ikaingia sokoni na diski mbele.

Jambo lililobadilisha kila kitu, hata hivyo, ni mafuta. Zamani mguu wa shoferi ulivuta waya na fimbo za chuma mpaka kwenye magurudumu. Upande mmoja ukikaza kuliko mwingine, gari linavutwa pembeni. Mmarekani Malcolm Loughead akatumia bomba lililojaa maji maalum: ukilibana upande mmoja, nguvu inafika sawa kwenye kila gurudumu. Mwaka 1921 gari la Duesenberg lilitoka na freni za namna hiyo kwenye magurudumu yote manne. Jina la Loughead likaandikwa Lockheed, na katika nchi nyingi zinazosema Kifaransa wazee bado wanayaita mafuta ya freni kwa jina hilo. Volkswagen za kupelekwa nje zilipata mafuta mwaka 1950. Kabla ya hapo zilikuwa za waya.

Hapo ndipo palipo tofauti kati ya kijana wa chukudu na shoferi wa gari la mzee. Kijana anaona freni yake. Mpira ukibaki mwembamba, anauona asubuhi kabla hajapanda. Shoferi haoni kitu. Viatu viko ndani ya tamburu, mafuta yako ndani ya bomba, uchafu uko ndani ya pampu. Anachopewa ni pedali moja tu, na lazima ajifunze kuisikiliza kwa mguu.

Kumbuka pia kwamba magari mengi ya kabla ya miaka ya mwisho ya 1960 yalikuwa na njia moja tu ya mafuta kwa magurudumu yote manne. Bomba moja likitoboka, magurudumu yote yanakosa freni kwa pamoja. Baadaye njia ziligawanywa mbili, na Marekani ikalifanya jambo hilo sheria kwa magari mapya kuanzia 1968. Kama gari la familia yenu ni la zamani kuliko hapo, fungueni mfuniko na muhesabu: pampu ina njia moja ya mafuta ama mbili? Jibu hilo linasema mengi.

Sifa za magari hayo, na milima yetu

Magari haya hayakuja kwetu kwa bahati. Yalijitengenezea jina huku kwetu Afrika ya Mashariki. Mashindano ya Safari yalianza mwaka 1953, na kila mwaka watu walisikia kwenye redio ni gari gani limevumilia matope na mashimo. Volkswagen ilishinda mwaka 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo kutoka 1966 hadi 1968. Peugeot 504 ilishinda 1975. Mfanyabiashara wa Goma aliyetaka gari hakuhitaji tangazo lingine.

Lakini mashindano hayo gari lilikuwa linafuatwa na mafundi na pyesi mpya. Kwetu gari lilikuwa linafuatwa na Kabasha. Wanaosafiri barabara ya taifa namba 2 wanajua: ukitoka tambarare ya Rwindi kwenda Kanyabayonga unapanda ukuta, kona juu ya kona, na siku ya kurudi unaushuka ukiwa na mzigo wa maharagwe. Upande wa magharibi, barabara ya Masisi ina miteremko yake, na mvua inaigeuza sabuni.

Tamburu ina ugonjwa wake kwenye mteremko mrefu. Inapopata joto inatanuka, inajitenga na viatu vilivyo ndani, na pedali inazidi kushuka. Shoferi anakanyaga zaidi, joto linazidi, harufu ya kuungua inaingia ndani. Dawa yake wazee waliijua bila kusoma kitabu: teremka na gia ileile ambayo ungepandia. Injini ndiyo ishike gari. Freni zisaidie tu, kanyaga kwa nguvu kidogo kisha achia, zipate hewa. Urithi huo ni mzuri. Ushikeni.

Miaka pyesi zilipopotea

Tarehe 30 Novemba 1973 Rais Mobutu alitangaza hatua ambazo watu waliziita zairianisation. Maduka, mashamba na biashara za wageni zilipewa wananchi. Wagiriki, Wahindi na Wabelgiji waliokuwa wakiagiza bidhaa kutoka ng'ambo waliondoka ama walikaa pembeni. Wengi waliopokea maduka waliuza mali iliyokuwamo na hawakuagiza nyingine. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka duniani, na pesa ya kigeni ikawa haba. Fikiria maana yake kwa mtu mwenye Land Rover: gari bado liko, barabara bado iko, mlima bado uko, lakini kile kipira kidogo cha ndani ya pampu, kisichozidi ukubwa wa kifuniko cha chupa, hakipatikani tena.

Sishangai kwamba chukudu inasemekana kuzaliwa katika miaka hiyohiyo. Pale ambapo chombo cha chuma kinakosa pyesi, mbao zinaingia.

Gara ndogo za nyumbani nazo zilizaliwa hapo, chini ya mti wa avokado, mbele ya nyumba. Ni wakati wa ile sheria isiyoandikwa ambayo kila Mkongomani anaijua, "article 15": jitafutie mwenyewe. Mafundi wakajitafutia. Mafuta ya freni yakikosekana, wengine walitia mafuta ya kupikia, wengine mafuta ya injini, wengine maji na sabuni. Gurudumu likivuja, bomba lake lilipindwa na kupigwa nyundo ili lizibe, gari likaendelea na freni tatu. Viatu vikiisha, walikata mpira ama mkanda wa mashine na kuugandisha mahali pa bitana.

Siwacheki. Kwa wakati ule ilikuwa kati ya hivyo na kubeba mgonjwa mgongoni. Lakini ujuzi huo ulipita kutoka baba kwenda mtoto bila kusema ulikuwa wa dharura, na leo kijana anatia mafuta ya injini kwenye freni huku chupa ya mafuta halisi inauzwa Birere. Tuseme wazi kinachotokea. Vipira vya ndani ya pampu za magari haya vilitengenezwa kukaa na mafuta ya freni tu. Vikiguswa na mafuta ya injini ama ya kupikia vinavimba na kulegea kama mkate ndani ya chai. Siku ya kwanza pedali inaonekana nzuri, hata nzuri kuliko jana. Baada ya siku chache freni zinakataa kuachia, magurudumu yanashika moto, ama vipira vinapasuka. Na huwezi kurekebisha kwa kumwaga na kutia mafuta mazuri. Vipira vyote na mipira mirefu ya magurudumu lazima vitolewe na kubadilishwa.

Maji ni hatari kwa namna nyingine. Hapa Goma tuko mita 1,460 hivi juu ya bahari, na maji yanachemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Freni kwenye mteremko zinapita joto hilo kwa urahisi. Maji yakichemka ndani ya bomba yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa kama puto: pedali inafika chini na gari haliisikii. Mafuta ya freni mapya ya aina ya DOT 3 yanavumilia mpaka nyuzi 205, na DOT 4 mpaka 230. Lakini mafuta hayo yanapenda maji; yanayavuta kutoka kwenye hewa polepole, hata gari likiwa limesimama. DOT 3 iliyokwisha kunywa maji inachemka kwenye nyuzi 140 hivi. Kwa hiyo chupa iliyofunguliwa mwaka jana na kuwekwa dirishani si akiba. Nunua iliyofungwa, ndogo, na utumie.

Jambo lingine la miaka ya uhaba ni kuzima injini kwenye mteremko ili kuokoa mafuta. Wakati ambapo mafuta yananunuliwa kwa Kadhafi wa barabarani, chupa kwa chupa, mtu anaelewa kishawishi. Lakini gari lenye servo linapata msaada wa mguu kutoka kwenye injini. Ukiizima, unabaki na msaada wa kukanyaga mara mbili tatu, kisha pedali inakuwa ngumu kama jiwe. Na gari lisilo na servo, likiachwa bila gia, limepoteza ile nguvu ya injini tuliyoisifu hapo juu. Katika urithi wote, huu ndio ningependa ufe kwanza.

Vita, volkano, kutu

Mwezi wa saba 1994 watu karibu milioni moja walivuka kutoka Rwanda katika siku chache, na mashirika yakafuata na magari meupe. Mengi yalikuwa Toyota, na pyesi za Toyota zikawa rahisi kupatikana kuliko za Land Rover ama Peugeot. Tangu hapo gari lisilo Toyota limekuwa yatima mjini, na fundi anajaribu kulivalisha nguo za Toyota. Kwa mipira na misumari labda. Kwa pampu za freni, pima kipenyo kwanza: pampu nene ama nyembamba kuliko ile ya asili inabadilisha nguvu ya mguu, na gurudumu moja linaweza kushika kabla ya mengine.

Kisha tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka na lava ikapita katikati ya mji mpaka ziwani. Waliokimbia na magari waliyapitisha baadaye juu ya mawe makali kwa miaka, kabla barabara hazijatengenezwa. Mawe hayo yanakata mpira wa freni kwa chini bila shoferi kujua. Vumbi jeusi linaingia ndani ya tamburu na kusaga bitana. Na kuna moshi wa volkano zetu mbili, Nyiragongo na Nyamulagira: gesi yake ikichanganyika na mvua inakuwa asidi. Angalia mabati ya nyumba yako yanavyoliwa na kutu. Bomba la freni chini ya gari la zamani ni chuma pia.

Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko mwingine, sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka, na barabara ya Sake ikajaa. Siku hiyo magari yaliyokuwa hayajatoka kiwanjani kwa miaka yalitolewa. Hivyo ndivyo inavyokuwa kwetu. Gari la mzee halipewi siku ya kujaribiwa. Linaitwa siku ya hatari, limejaa watu.

Kuliamsha gari lililosimama

Basi lijaribiwe kabla, siku ya amani, nyumbani.

Tafuta mahali sawasawa, pasipo mteremko. Weka vizuizi mbele na nyuma ya magurudumu. Ukiinua gari kwa jeki usiingie chini yake likiwa juu ya jeki peke yake, na usiliweke juu ya mawe ya lava: yana matundu ndani na yanapasuka ghafla. Tumia magogo mapana ya mti. Wenye Land Rover za zamani wasikilize hili kwa makini. Freni yake ya mkono haishiki magurudumu, inashika shafti inayotoka kwenye gia kwenda nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hilo linazunguka huru na gari zima linaweza kutembea, hata freni ya mkono ikiwa imevutwa. Fundi anayelijua Toyota tu halitegemei jambo hilo.

Kabla ya kufungua kitu chochote, kaa ndani na ukanyage. Pedali inasema. Ikiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani ya bomba. Ikishuka chini lakini ikapanda ukikanyaga mara mbili tatu haraka, mara nyingi viatu vimekuwa mbali na tamburu na vinahitaji kusogezwa. Ikishika vizuri kisha, mguu ukiwa umetulia juu yake, ikazama polepole kama mtu anayesinzia, mafuta yanapita mahali. Angalia ndani ya kila gurudumu kama kuna unyevu. Kama nje ni kukavu kote, pampu kuu imechoka kwa ndani. Hilo la mwisho ndilo linalodanganya wengi, kwa sababu hakuna tone linaloonekana na chombo cha mafuta hakipungui.

Fungua chombo cha mafuta. Mafuta mazuri yana rangi ya asali nyepesi ama karibu maji. Yakiwa kama kahawa, yamekaa sana. Kwenye Coccinelle usiyatafute nyuma penye injini. Chombo kiko mbele, kwenye sanduku la mizigo.

Gari lililosimama mwaka mzima na freni ya mkono imevutwa, viatu vyake huenda vimegandana na tamburu. Usilivute kwa kamyo. Achia freni ya mkono, legeza kisogezeo cha viatu, kisha gonga tamburu kwa nyundo polepole ukizunguka mpaka iachie. Ukiitoa utakuta vumbi. Usilipulize kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo, na watoto wasiwe karibu. Bitana za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, ambayo inaleta saratani ya mapafu miaka mingi baadaye. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku kabisa mwaka 2005, lakini gari la mwaka 1970 halijasikia habari hiyo. Lowesha kwa maji, futa kwa kitambaa, kitie kitambaa kwenye mfuko na ukitupe mbali na maji ya kunywa.

Bitana yenye mafuta juu yake haioshwi kwa petroli ikapona. Inabadilishwa, na za upande wa pili wa gari pia, kushoto na kulia pamoja, la sivyo gari litavutwa pembeni. Mpira mrefu unaokwenda kwenye gurudumu upinde kidogo kwa vidole: ukionyesha nyufa, umekwisha. Na kuna mpira unaoonekana mzima kwa nje huku ndani umevimba na kuziba. Huo unaruhusu mafuta kwenda lakini hauyaruhusu kurudi, na gurudumu linabaki limeshika baada ya kuachia pedali. Watu wanabadilisha pampu mbili bure kabla ya kuushuku mpira.

Kutoa hewa ni kazi ya watu wawili, na mtu wa pili anaweza kuwa mama wa nyumba ama kijana yeyote mwenye subira. Mmoja anakanyaga na kushikilia. Mwingine yuko kwenye gurudumu, ametia kijibomba cha plastiki kutoka kwenye kile kichwa cha kutolea hewa mpaka ndani ya chupa yenye mafuta kidogo. Anafungua, mapovu yanatoka, anafunga, ndipo wa kwanza anaachia. Anayekanyaga akiachia mapema, hewa inarudi na kazi yote imeharibika. Kwa magari mengi ya zamani mnaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu. Kwa gari la usukani wa kushoto hilo ni la nyuma kulia. Kwa Toyota ya usukani wa kulia iliyotoka Japani ni la nyuma kushoto. Chombo cha mafuta kisikauke wakati mnafanya, na mafuta yaliyotoka hayarudishwi.

Kwenye pampu ya miaka 40 msikanyage mpaka chini kabisa. Ile sehemu ya mwisho ya pampu haijawahi kutumika, ina kutu, na vipira vikifika huko vinakatwa. Weka kipande cha ubao chini ya pedali kiizuie. Jambo dogo, limeokoa pampu nyingi.

Zikiisha hizo, gari litembee uwanjani kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa mguu, bila abiria, na mtu mmoja nje akitazama magurudumu. Kisha barabara iliyo sawa. Baada ya kilomita chache shuka na uguse kila gurudumu kwa uangalifu. La moto kuliko mengine limeshika; la baridi halifanyi kazi. Mzigo na mlima vingoje siku nyingine. Na siku ukishuka kutoka mlimani freni zikiwa za moto, usiegeshe na kuondoka tena baada ya dakika chache bila kujaribu pedali: gari likisimama upepo unakoma, joto la tamburu linaingia ndani ya mafuta, na mafuta yanaweza kuchemka wakati huohuo umepumzika.

Kama lazima kuliacha tena

Familia nyingine zinazotusikia hazina uwanja leo, zinajua gari lao liko kwa ndugu ama liko peke yake nyuma ya nyumba iliyofungwa. Kama mtalazimika kuliacha, liacheni ndani ya gia, na vizuizi magurudumuni, freni ya mkono isivutwe. Tieni mafuta ya freni mapya kama yapo, maana yaliyokunywa maji yanakula pampu wakati hakuna anayetazama. Funika chombo vizuri.

Na kama freni zilikuwa mbovu siku ya kuondoka, andikeni kwenye kipande cha karatoni, kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, "gari hili halina freni", mkifunge kwenye usukani kwa kamba. Atakayelifungua labda si wewe. Labda ni kijana wa jirani anayetaka kumkimbiza mgonjwa usiku, na ufunguo ameupata, na injini imewaka.